Doktori, Mkalimani wa Antapuquio

Alhamisi, siku ya soko, saa nne kasoro robo asubuhi, karani Abdón Paliza alikuwa akibadilisha utepe wa mashine ya kuchapa katika mahakama ya Antapuquio, vidole viwili vimekolea wino, pale Nicolasa Ccahuana alipoingia na mbwa wake.

Nicolasa alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfugaji wa Chillihua, kijiji kilicho mwendo wa saa saba kupanda mlima. Siku hiyo alivaa ile kofia yake nzuri. Mbwa naye alikuwa mzee wa miaka kumi na minne, mwenye pua ndefu na sikio moja lililochanika, na aliitwa Doktori. Alipewa jina hilo tangu mdogo kwa sababu alizoea kukaa juu ya ngozi ya kondoo na hakumwinukia mtu yeyote. Katika mkoa ule kila aliyesomea sheria huitwa Doktori. Kwa hiyo Nicolasa alipomwambia mbwa, "Doktori, kaa chini," hakimu, aliyekuwa akipita barazani na kikombe cha kahawa, aligeuka, akatazama, kisha akaenda zake.

Nicolasa alieleza shida yake kwa Kikechua, lugha ya watu wa milimani, kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine.

"Jumatatu nilikuwa mtoni. Msimamizi wa shamba la bwana Evaristo Montúfar akaja akachukua kondoo wangu kumi na mmoja. Wana alama yangu, mikato miwili kwenye sikio. Nimewaona kwa macho yangu mwenyewe, wako kwenye zizi lake. Nawataka warudi kabla hawajaanza kuzaa."

"Sielewi," alisema Abdón kwa Kihispania.

Nicolasa alirudia polepole, na mara hii alionyesha kwa vidole: kumi na mmoja, sikio, mikato miwili. Mbwa aliinuka, akazunguka meza, akaweka kidevu chake juu ya kiatu cha karani. Abdón akahamisha mguu. Mbwa akahama nao.

Abdón alikuwa ameelewa kila neno. Mama yake, Dominga, alizaliwa Chillihua, nyumba ya tatu kutoka kwa Nicolasa, na yeye mwenyewe alichunga huko mpaka alipotimiza miaka kumi na mmoja. Ila kuandika alichosikia kungekuwa kukiri kwamba amesikia, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watu wa mjini kwamba kwao ni pwani. Kwa hiyo aliandika kile ambacho mtu asiyeelewa angeandika. Alidaka neno kondoo, neno kumi na mmoja, neno kuchukua na jina la Evaristo, akayapanga kwa mpangilio mzuri. "Aliyefika mbele yangu anakiri kuchukua kondoo kumi na mmoja wa bwana Evaristo Montúfar." Akasogeza kidau cha wino. Nicolasa akabonyeza dole gumba, akamshukuru, na polisi wa zamu akampeleka kwenye chumba cha mahabusu nyuma ya mahakama, chenye dirisha moja la nondo linalotazama uani.

Nicolasa alidhani ndipo pa kusubiria kondoo.

Abdón alipovua viatu kwake jioni, alikuta kile cha kushoto kimelowa. Hakikuwa kimelowa mate. Ulikuwa umande wa huko juu milimani, wa alfajiri, wenye vipande vidogo vya barafu. Alikiweka karibu na jiko, na asubuhi kilikuwa bado kimelowa.

Baada ya siku nne binti yake Nicolasa, Eulalia, alishuka na mahindi ya kuchemsha. Eulalia alijua Kihispania kidogo cha sokoni, na polisi alimsomea ile karatasi.

"Mama, hapa imeandikwa wewe ndiye mwizi."

"Wa nini?"

"Wa kondoo wako."

Nicolasa alitafuna mahindi kwa muda. "Basi yule kijana hakunisikia vizuri," alisema. "Si yule mtoto wa Dominga? Tangu zamani alikuwa mzito wa masikio. Waambie nitaeleza tena."

Kueleza tena kulihitaji mkalimani. Sheria ilikuwa wazi katika jambo hilo, na hakimu Leoncio Berenguel alikuwa mtu wa kufuata sheria. Mkalimani hakuruhusiwa kuwa ndugu wa mshtakiwa, na Chillihua nzima walikuwa ndugu zake. Ikabidi atafutwe mjini. Tangazo lilibandikwa ukutani mwa mahakama, upande wa soko: anatafutwa mtu anayejua Kikechua. Lilikaa pale wiki saba. Watu walilisoma, wakatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha wakageuka wakaendelea kupatana bei ya viazi kwa Kikechua.

Polisi alimuuliza Bibi Petronila, mwoka mikate, ambaye sauti yake ilisikika soko zima.

"Mimi sijui Kikechua," alisema Petronila.

"Sasa hivi ulikuwa unaongea nacho na yule mama wa jibini."

"Hicho ni cha kuuzia mikate. Si cha kujua."

Mtu mmoja tu alijitokeza, mwalimu Ofelia Rendón. Yeye kweli kwao kulikuwa pwani. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu Antapuquio, na alipanga chumba kinachotazamana na ua wa mahakama. Alimwomba hakimu ampe miezi michache ajifunze lugha hiyo ili awe mkalimani.

"Nia yako ni njema, mwalimu," alisema hakimu. "Ila nani atathibitisha kwamba umejifunza sawasawa? Itabidi apatikane mtu anayekijua."

Ofelia alirudi chumbani kwake. Mbwa wa Nicolasa alikuwa amelala kizingitini, kwani mahabusu hawakuruhusiwa kukaa na wanyama. Mwalimu alikuwa amemzoea. Alimpa maganda ya jibini, na kwa kuwa jioni hizo hakuwa na wa kuongea naye, alimsomea kitabu cha darasa la tatu. Mbwa alisikiliza kwa sikio moja. Siku nyingine akamsomea ukurasa huohuo kinyumenyume, kutoka neno la mwisho kwenda la kwanza, kwa kucheza tu. Mbwa akainuka, akatoka nje, akangoja amalize. Ofelia alijaribu mara tatu kwa siku tatu, na mara zote tatu mbwa alitoka. Kisha akamwita mama muuza viazi aje kupumzika ndani, na mama yule alipoanza kulalamikia magoti yake kwa Kikechua, mbwa alilala ubavu, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu kama aliyefika kwake.

Mpaka hapo hapakuwa na la kushangaza. Mbwa yeyote mzee aliyeishi na watu hujua lugha ya nyumbani na lugha ya wageni. Lakini siku ya nne Bibi Petronila alikuja kudai sahani yake aliyomwazima mwalimu, akaidai kwa Kihispania safi cha mtu wa kanisani, na mbwa akaamka, akavuka chumba, akaweka kidevu juu ya kiatu chake.

Kiatu kikalowa.

"Mbwa huyu ana mate," alisema Petronila.

"Si mate, bibi. Mate hayana barafu."

Petronila aliinama akatazama. Akaufuta umande kwa pembe ya aproni, nao ukarudi. "Basi ni mbwa wa baridi," alisema, akachukua sahani yake akaondoka, kiatu kimoja kikichuruzika maji njia nzima.

Wiki hiyo Ofelia alimtembeza mbwa mjini. Kwa mkuu wa posta, mtu wa kusini ambaye hata chafya alipiga kwa Kihispania, mbwa alipita kama anayepita nguzo. Kwa mfamasia alisimama. Kwa mwenyekiti wa halmashauri alisimama. Kwa mke wa mwenyekiti alikaa muda mrefu mpaka wakamletea kitambaa. Mwalimu aligundua kwamba mbwa hakujali mtu anaongea nini. Alisikiliza kilichokuwa chini ya hayo maneno, lugha ambayo mtu aliimbiwa kabla hajaota meno, na akiikuta ni ile ya kwao, alikuja kusalimia.

Alimweleza hakimu habari hiyo ofisini, bila kuipamba.

"Kwa hiyo mbwa anaweza kututafutia mkalimani," alisema hakimu.

"Anaweza, mheshimiwa."

Hakimu alifikiri. Jalada lilikuwa mezani kwake kwa siku sitini na tatu na hakupenda majalada yanayolala. "Aje Jumanne," alisema.

Jumanne ukumbi ulijaa. Bwana Evaristo Montúfar alikaa mbele, fimbo kati ya magoti, mzee mnene mpole ambaye aliwahi kutoa kengele ya kanisa. Nicolasa aliletwa. Alipomwona mbwa wake alisema, "Doktori, umekonda," na hakimu akajishika shavu.

Mbwa alianza benchi la kwanza. Alimpita Evaristo. Alimpita mkuu wa posta. Akaweka kidevu kwa Petronila, kwa mfamasia, kwa mwenyekiti na mkewe, kwa fundi saa, kwa masista wawili, kwa mwalimu mkuu ambaye huwachapa watoto wakiongea Kikechua uwanjani. Kila mmoja alitazama dari. Alipomaliza mabenchi akapanda jukwaa, akamgusa Abdón kwa heshima, kama mtu waliyekwisha kusalimiana naye, kisha akapita chini ya meza kubwa. Kwa muda hakuna aliyemwona. Hakimu Berenguel alikuwa na viatu vya kahawia vilivyong'arishwa, alivyonunua mji mkubwa, Arequipa. Hakuondoa mguu. Maji yalianza kutiririka taratibu kutoka chini ya meza, yakashuka ngazi mbili za jukwaa, yakafika miguuni mwa Nicolasa.

"Paa linavuja," alisema hakimu.

Ilikuwa Julai. Huko mvua haijulikani mpaka Oktoba.

"Karani, andika kwamba paa linavuja, na kwamba shauri limeahirishwa hadi litengenezwe."

Fundi alipanda juu, hakuona tundu, akalitengeneza. Duka la vifaa vya shamba liliuza gambuti zote lilizokuwa nazo, kisha likaagiza nyingine.

Shauri liliposikilizwa tena, watu wote wenye adabu zao walikuja na gambuti, wengine zimepanda mpaka magotini, katikati ya kiangazi. Hakimu alizivaa chini ya joho. Mbwa alinusa ule mpira, akafikiri kidogo, akaweka kidevu palepale alipokuwa akiweka siku zote. Umande ukaanza kujaa kutoka ndani. Soksi zikaanza kuelea.

"Hatujampata mkalimani," alisema hakimu. "Hata hivyo mshtakiwa ana haki ya kusema. Aseme."

Nicolasa hakuambiwa, lakini aliona macho yote yamemgeukia, akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miezi miwili. Alieleza habari ya mto, ya msimamizi na ya zizi. Alimtaja kila kondoo kwa jina lake na la mama yake, akataja yule jike mwenye doa jeusi puani ambaye hubeba mapacha na asiposaidiwa hufa nao. Nyuma, sista mmoja alifuta macho. Kisha Nicolasa alimtazama bwana Evaristo.

"Huyu baba anasema kondoo ni wake tangu wazaliwe. Sawa. Tuwatoe nje, awaite. Mimi nikiwaita kwa Kikechua wanakuja. Yeye akiwaita kwa Kihispania watamgeuzia matako, na jibu litatoka hukohuko."

Ukumbi mzima ulicheka. Alicheka mfamasia, akacheka mwenyekiti, Petronila aliinamia magoti yake, na Abdón alipiga herufi sita ambazo hazikuwa neno. Hakimu Berenguel alicheka kwa pua, mara moja, kabla hajaiziba kwa kitambaa.

Bwana Evaristo aligeuka huku na huku akitabasamu. "Amesema nini?" aliuliza.

Hakuna aliyeweza kumwambia, maana hakuna aliyekuwa ameelewa.

"Karani," alisema hakimu, "andika kwamba watu wamekohoa."

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Mahakama ilieleza kwamba mshtakiwa alizungumza kwa muda wa dakika arobaini, kwa sauti ya kusikika na bila kukatizwa, katika lugha ambayo hakuna aliyekuwepo aliyeijua. Kilichokuwamo kwenye jalada kilikuwa ni karatasi ya kukiri kwake tu, yenye alama ya dole gumba. Miezi minane. Kuhusu mkalimani, hakimu alikuwa ameisoma sheria upya, neno kwa neno, akaona kwamba ilitaka mkalimani awepo. Haikusema zaidi. Kwa kuwa mbwa wa mshtakiwa alikuwa amethibitika kwa ushahidi wa macho kuzijua lugha zote mbili, na hakuwa ndugu wa mtu yeyote, aliapishwa kuwa mkalimani wa mahakama. Karani alimsomea kiapo, na akaandika kwamba hakupinga.

"Huu ni uonevu, mheshimiwa," alisema Ofelia Rendón. Alisimama kumsemea Nicolasa, akiwa peke yake aliyevaa viatu vya kawaida, navyo vilikuwa vikavu.

"Mwalimu," alisema hakimu kwa upole, "wewe umeelewa alichosema yule mama?"

"Hapana. Lakini ninyi mmeelewa."

"Basi umetuzidi. Sisi hatujui kama tumeelewa."

Mwezi uliofuata Ofelia alipata barua ya uhamisho kwenda shule nyingine, karibu na bahari, ambayo alikuwa ameiomba zamani na kuisahau. Alimwachia mbwa sahani aliyokuwa akimlishia.

Wa kwanza kufika kwenye dirisha la mahabusu alikuwa Abdón. Alikuja alasiri, baada ya kufunga ofisi, akiwa na viazi vya moto ndani ya gazeti. Mbwa alikuwa amejilaza chini ya dirisha, akaweka kidevu juu ya kiatu chake kama kawaida, na Abdón akafungua kinywa akasema kwa Kikechua, "Shikamoo shangazi, nimekuletea viazi." Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ndipo alipokuwa ameiacha lugha hiyo.

"Marahaba," alisema Nicolasa. "Masikio yako yamepona?"

"Nisamehe, shangazi."

"Andika upya ile karatasi."

"Siwezi. Imeshapigwa muhuri."

Nicolasa alikula viazi. Vilikuwa vizuri, na alimwambia hivyo.

Kisha wakaja wengine, kila mtu kwa wakati wake ili wasikutane. Petronila alikuja na mikate, akaongea kama msichana wa miaka kumi na minne, habari za mvulana aliyepiga filimbi ng'ambo ya bonde. Mfamasia alikuwa na sauti ya miaka sita na maneno machache. Alitaja wanyama tu, akimwonyesha Nicolasa kwa kidole na kumtaka aseme ni sahihi. Sista mmoja alitaka aimbiwe. Walimletea blanketi, sukari, sufu ya kusokota, mto wa manyoya. Hakuwahi kupendwa na watu wengi namna hiyo maishani mwake. Kila mmoja alimwambia kwamba ni yeye tu anayeweza kuongea naye, na Nicolasa alimwomba kila mmoja aende kwa hakimu aseme alichokisikia ukumbini. Walimwambia wangependa sana, ila hawajui Kikechua.

Hakimu alikuja mwezi wa nne wa kifungo, akiwa na kiti chake mwenyewe. Alikaa siku tatu bila kusema neno, mguu wake chini ya kidevu cha mbwa. Siku ya nne alizungumza, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa miaka tisa.

"Mama yangu alikuwa mpishi," alisema.

"Mpishi wa nani?"

"Wa baba."

Aliendelea kidogo kidogo, alasiri baada ya alasiri. Alizaliwa jikoni kwenye shamba kubwa, akalelewa humo, kati ya moto na sungura wa kufugwa. Alipofika miaka tisa baba yake alimpandisha garini, akampeleka mjini shuleni, akamwambia njiani kwamba yule mwanamke ni mpishi tu na mama yake alikufa. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria mwanamke huyo alikuja mjini kwa miguu kumtafuta. Mlinzi wa chuo alimuuliza mwanafunzi kama anamfahamu yule mwanamke.

"Ukamjibuje?"

"Nilisema sielewi anachosema."

Uani kuku wa polisi walikuwa wakichakura.

"Aliitwa nani?"

Hakimu alihangaika nalo jina kwa muda, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko baada ya mfuko. "Basilia," alisema.

"Sasa, mwanangu, Basilia akija leo hapa kushtaki kwamba ameibiwa kondoo. Utaandika nini?"

Hakimu alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Alikuwa mtu mwaminifu, na hakutaka kumdanganya.

"Nitaandika kitakachoeleweka," alisema.

Nicolasa aliusogeza uso mbali na dirisha, na siku ile hakuongea tena, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu akarudi dirishani. Chumbani humo hakukuwa na mtu mwingine, na mtoto wa miaka tisa alikuwa nje akingoja.

Kondoo walizaa Novemba. Eulalia alipanda mpaka ukingo wa shamba la Evaristo akawahesabu kwa mbali: yule mwenye doa jeusi hakuwepo. Alishuka kumweleza mama yake, na Nicolasa akasema amekwisha kujua, aliota juzi. Mbwa alifanya kazi yake katika mashauri kumi na saba kabla ya mwaka kwisha. Watu wa milimani waliletwa, wakasema, ukumbi ukalowa, hukumu zikasomwa. Wakaguzi kutoka makao ya mkoa walipopita walisifu kwamba Antapuquio ndiyo mahakama pekee ya eneo lile yenye mkalimani wa kudumu.

Miezi minane ilipoisha, hakimu aligundua kwamba alama ya dole gumba kwenye karatasi ya kukiri ilikuwa imebonyezwa juu chini. Ilibidi ichukuliwe upya, na siku zilizotumikiwa chini ya dole lililopinduka hazikuweza kuhesabiwa zote. Alimweleza Nicolasa jambo hilo mwenyewe, dirishani, kwa Kikechua cha adabu sana.

"Kwa hiyo lini, mama?" aliuliza Eulalia alipokuja. Alikuwa amemletea viatu vya kupandia mlima.

"Karibu," alisema Nicolasa. "Hakimu ameanza upya tangu alipozaliwa, na sasa anaeleza kwa mpangilio. Jana alikuwa na miaka saba na nusu. Alipelekwa shule akiwa na miaka tisa. Akifika kwenye lile gari lugha inaisha, hana tena la kuniambia, ataniachia."

"Na wengine? Yule mwoka mikate?"

"Petronila hana funguo."

Eulalia alihesabu kwa vidole, akaona ni sawa, akaacha viatu.

Wiki zilipita. Hakimu alikuwa na miaka minane, alifundishwa kukaza kamba, aliumwa na nyuki. Alikuwa na miaka minane na nusu, mama yake alimshonea suruali ya mtoto wa mjini bila kumwambia ya nini. Jumamosi moja, mbwa akiwa amelala juu ya mguu wake na umande ukitambaa uani mpaka kwa kuku, alifika kwenye gari. Alieleza rangi yake, na jinsi mama yake alivyosimama mlangoni na kijiko mkononi. Akainuka, akabeba kiti, akaenda zake bila kuaga.

Jumapili Nicolasa alikunja mablanketi yote aliyoletewa, akayafunga pamoja na mto na sufu ndani ya shuka la mgongoni. Alivaa viatu. Alivaa kofia.

Jumatatu alasiri hakimu Berenguel alikuja na kiti, akakaa. Alikuwa amenyoa vizuri na alionekana kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Nicolasa alisimama dirishani na mzigo wake mgongoni, akamtazama.

"Kuna jambo nilisahau kukueleza," alisema hakimu kwa ile sauti yake ndogo. "Nilikuwa na miaka minne."

Nicolasa alishusha mzigo, akafungua fundo, akakaa juu ya mablanketi.

"Haya," alisema. "Ulikuwa na miaka minne."